Mbao ya Zamani Si Lazima Iwe Mbao Kavu

Mwezi Agosti, miaka sita iliyopita, nilitandika sakafu ya mbao zilizotumika katika sebule ya mama yangu huko Nyakato. Mbao zilitoka kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa) za duka la zamani lililobomolewa mjini, mninga mtupu, na muuzaji aliniapia kwamba hakuna mbao kavu kama zile Mwanza nzima. "Zimekaa juu miaka hamsini," alisema, "bado unauliza kama zimekauka?" Nikamwamini, kwa sababu maneno yenyewe yanaingia akilini. Mimi na fundi tukazibana ubao kwa ubao, kutoka ukuta hadi ukuta, bila kuacha hata nafasi ya kupitisha wembe. Nilitaka sakafu isiyoingiza vumbi wala makombo.

Mwezi wa nne, masika yakiwa yameshika, mama akanipigia simu alfajiri. "Mwanangu, sakafu yako imeota nundu. Njoo uione." Nilikuta mbao saba za katikati zimeinuka na kuegemeana kama paa la kibanda. Niliweza kupitisha ngumi chini yake.

Muuzaji hakuwa ameniongopea, na hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Mbao zile zilikuwa kavu kweli, ila zilikuwa kavu kwa hewa ya Agosti. Tangu siku ile nimetandika sakafu nyingine mbili, nimekaa na maseremala na waunda mitumbwi, na kila ninapoulizwa kuhusu sakafu ya mbao za zamani naanza na jambo hili hili, maana ndilo linalowatoa watu pesa na machozi: ukavu wa mbao hautokani na umri wake.

Ubao si tofali. Udongo ukishachomwa ukawa tofali haurudi tena kuwa udongo. Ubao, hata ukae darini miaka mia, unabaki kama chumvi ya jikoni, ambayo kiangazi inamiminika vizuri na masika inashikana kwenye kopo. Nyuzi za mti huvuta mvuke kutoka hewani na kuuachia tena, mchana na usiku, maisha yote ya ubao. Kwa joto la nyuzijoto 25, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuacha ubao na maji yanayofikia asilimia 9 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, ubao hutulia kwenye 12. Ikifika 80, ubao unapanda hadi 16. Ndani ya nyumba zetu za kandokando ya ziwa, zenye madirisha wazi na zisizo na kiyoyozi, ubao hupanda na kushuka kati ya namba hizo kila mwaka, na hakuna umri unaousimamisha.

Maji yakiingia, ubao karibu hauongezeki urefu hata kidogo. Unaongezeka upana. Kwa mbao ngumu nyingi zilizopasuliwa ubapa (uso wa ubao ukifuata pete za mti), kila asilimia moja ya unyevu inayoingia huongeza upana kwa takriban robo ya asilimia. Inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Chukua chumba chenye upana wa mita 4, mbao zake zikatoka unyevu wa 10 zikafika 14. Hiyo ni asilimia 1 ya mita 4, yaani sentimita 4. Mninga hucheza kidogo kuliko mbao nyingi, ndiyo maana maseremala wanaupenda, lakini hata ukiikata hesabu hiyo nusu zinabaki sentimita 2, na katika sebule iliyobanwa ukuta hadi ukuta sentimita hizo hazina pa kwenda isipokuwa juu.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi. Mtu ananunua mbao zilizokaa nje chini ya turubai, anazitandika mwezi wa nne zikiwa na asilimia 18 au 20, na kufika Julai kati ya ubao na ubao kuna mwanya wa kuingiza sarafu. Hapo hulaumiwa fundi, wakati fundi alibana vizuri kabisa.

Sasa, umri una faida gani? Ipo, ila si ile tunayouziwa. Mbao za nyumba na mitumbwi ya zamani zilipasuliwa kwenye miti mikubwa ya msitu wa asili, na sehemu kubwa ya ubao ni kiini, ile sehemu nyeusi ya katikati ambayo mchwa na bungua, wadudu watoboao mbao, wanaiogopa. Mbao mpya za mninga unazokutana nazo leo mara nyingi zina ukanda mpana mweupe pembeni, na huo mweupe ndio chakula cha bungua. Pili, ubao uliokwisha kupitia masika na viangazi vingi umeshapinda kadiri ya kupinda kwake. Ukiuranda leo ukanyooka, uwezekano wa kuja kujinyonga kesho ni mdogo. Na tatu, miti yenyewe inaadimika. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza mninga na mkongo wa Afrika kwenye orodha ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa. Mti unaochukua miongo mingi kukomaa, ukishakuwa tayari kwenye kenchi iliyobomolewa, ni vibaya kuupeleka jikoni ukawe kuni.

Baada ya unyevu, swali linalofuata ni mbao hizo zimetokea wapi. Mimi siku hizi sinunui ubao kabla sijaambiwa historia yake, na muuzaji asiyeijua ananipa sababu ya kuondoka.

Kenchi na papi (mbao ndogo zinazoshikilia bati) za majengo ya zamani ndizo bora kuliko zote kwa sakafu. Zimekaa kivulini, hazijaguswa na maji kama bati halikuvuja, na ni nene. Milango, fremu na mbao za ukutani ni nzuri pia, ila zina rangi, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Usiikwangue rangi hiyo kwa msasa mkavu. Vumbi lake halionekani na linaingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto. Kama ubao una rangi kuukuu usiyoijua, ulowanishe kwanza, ukwangue ukiwa mbichi, mabaki yafunge kwenye mfuko, na watoto wawe mbali. Mimi nyumba yenye mtoto anayetambaa sipeleki kabisa ubao uliokuwa na rangi.

Kisha mitumbwi. Watu wa mjini wanapenda sana wazo la sakafu ya mtumbwi, na nawaelewa. Mwaka jana nilikwenda Kayenze kwa mzee mmoja muunda mitumbwi ambaye alikuwa amevunja chombo kikubwa cha mvule. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniambia bei. Alichukua ubao mmoja, akaulaza juu ya magogo, akaupitisha randa mara moja tu. Juu ulikuwa wa kijivu kama jivu la jana. Chini ya randa ukatoka utepe wa rangi ya asali iliyokolea. Akaniletea puani. "Nusa kwanza." Ulinuka samaki. Akaranda tena mara mbili, tatu, akaniletea tena, na sasa ulinuka mti. "Hapo ndipo ubao unapoanzia," akasema. "Vyote vya juu ni ziwa." Halafu akaugonga kwa nyundo kuanzia kichwani, akisogea shubiri kwa shubiri, sikio limeinama. Ulilia ko, ko, ko, mpaka alipofika penye safu ya misumari, ukalia bu. Akaweka alama ya mkaa pale na kusema kipande hicho nisikilipie.

Nilijifunza mengi pale kuliko mahali pengine popote. Mvule wa mtumbwi umelowa ndani kabisa, na hata ukikaa juani wiki mbili bado katikati ni mbichi. Ahueni ni kwamba ziwa letu ni maji baridi. Mbao za majahazi ya pwani hubeba chumvi, na chumvi inavuta unyevu hewani hata ubao ukiwa ndani ya nyumba, lakini za kwetu hazina tatizo hilo. Kuzunguka kila msumari kuna duara jeusi, kwa sababu chuma kikikutana na maji na utomvu wa mti kinatoa wino. Mara nyingi duara hilo si uozo. Ni doa tu, na mimi nayapenda madoa hayo, ingawa wapo wanaoyatoa kwa asidi ya oksaliki. Mwisho, mvule hujitengenezea mawe ndani yake, madonge ya chokaa magumu kweli kweli, na msumeno ukigonga moja meno yanakwisha. Na vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ya kuzuia vumbi laini.

Mbao za kumwagia zege ziepuke, labda kama unapata bure na una subira. Saruji na mchanga uliokwama kwenye nyuzi unaharibu visu vya mashine, na mwenye mashine akiona mbao hizo atakutoza au atakukatalia, na ana haki.

Paleti za mizigo zina alama iliyochomwa ubavuni. Zilizopita mpaka wa nchi kihalali huandikwa HT au MB. HT maana yake ubao ulipashwa moto mpaka katikati yake ukafika nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo, kuua wadudu. Hizo ni salama. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, na mimi siziingizi ndani. Lakini hata ile salama ni nyembamba na laini, inafaa ukutani kuliko sakafuni.

Makontena yaliyochakaa, yale yanayogeuzwa maduka, yana sakafu ya plaiwudi nene ya milimita 28 hivi, na inavutia kwa uimara wake. Hiyo kwa kawaida imetiwa sumu ya wadudu tangu kiwandani. Mataruma ya reli ya mbao yamelowekwa kreosoti, mafuta meusi ya lami ya makaa ya mawe, na harufu yake hutoka kila jua linapowaka. Nguzo za umeme zenye rangi ya kijani zimetiwa shaba, kromi na aseniki. Hivi vitatu visiingie ndani ya nyumba, visipikiwe, na vumbi lake lisivutwe. Hapa sina njia ya katikati.

Kuhusu bungua, tazama unga. Tundu la zamani lina vumbi jeusi na kingo butu. Tundu linalofanya kazi linamwaga unga mweupe laini kama wa muhogo, na ukiufuta leo, baada ya siku tatu upo tena. Ukanda mweupe wa ubao ukatwe wote, na kinachobaki kipakwe dawa ya chumvi ya boroni kabla ya kupigwa vanishi, kwa sababu dawa hiyo haipenyi juu ya vanishi.

Turudi kwenye unyevu, maana watu huniuliza watapimaje bila vyombo. Kipo kipimo chenye pini mbili, kinasaidia, ila msumari uliobaki ndani unakidanganya na kila aina ya mti ina marekebisho yake. Mimi natumia mizani ya jikoni. Ubao wa mvule kutoka Kayenze niliukata kipande cha sentimita 60 kutoka katikati, nikakiziba vichwa vyote viwili kwa nta ya mshumaa ili maji yasikimbilie huko, kisha nikakiweka kwenye chumba kile kile kitakachotandikwa. Kichwa kisipozibwa, kipande kifupi kitakauka upesi kuliko mbao ndefu na kitakupa habari za uongo. Siku ya kwanza kilikuwa na gramu 1,140. Nikawa nakipima kila Jumamosi. Kilishuka hadi 1,105, kisha 1,083, kisha 1,070, wiki ya tano 1,062. Wiki ya sita 1,062. Ya saba 1,063. Hapo mizani ilikuwa inaniambia kwamba ubao na hewa ya chumba vimeelewana. Nilipokikausha kipande hicho kwenye oveni ya jirani, kwa moto wa nyuzijoto 100 na kidogo mpaka kikaacha kupungua, kilibaki gramu 948. Kwa hiyo siku nilipokinunua kilikuwa na maji ya asilimia 20, na siku ya kutandika asilimia 12.

Wakati huo wote mbao zenyewe ziwe zimepangwa chumbani humo, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja kila nusu mita, vijiti vikisimama juu ya vijiti, na uzito juu. Zisilazwe juu ya saruji tupu. Na ukiweza kuchagua, tandika kati ya misimu, ubao ukiwa katikati ya safari yake, si mwisho wa kiangazi wala kilele cha masika.

Lakini ubao unaweza kuwa mkavu na sakafu ikaharibika bado, kwa maji ya chini. Mwanza hili ni kubwa kuliko tunavyokiri. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya mawe, na mvua ikinyesha maji hayapenyi kwenye jabali. Yanateleza juu yake chini ya udongo mwembamba mpaka yakutane na msingi wa nyumba. Ndiyo maana ukuta wa upande wa mlima unatoka ukungu na ule wa upande wa ziwa ni mkavu. Kwa waliojenga kandokando kabisa, Mei 2020 ilitoa somo. Ziwa lilipanda mpaka likapita rekodi ya 1964, na sehemu zilizodhaniwa kuwa nchi kavu zikawa na maji chini ya zege.

Jaribio lake halina gharama. Kata nailoni angavu ya nusu mita kwa nusu mita, ilaze juu ya zege, ziba kingo zote kwa utepe mpana wa gundi, iache usiku kucha na nusu ya siku. Fanya hivyo katikati ya chumba na karibu na ukuta wa upande wa mlima, na ufanye wakati wa mvua. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi, zege hilo bado linapumua maji. Zege jipya nalo lisiharakishwe. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na masika hayahesabiki vizuri.

Zege likiwa linapumua, nailoni nzito itandazwe juu yake na ipandishwe ukutani, kisha papi za inchi mbili kwa mbili zilazwe juu ya nailoni, na mbao zipigwe juu ya papi. Hapo chini panabaki hewa. Kuubandika ubao moja kwa moja kwenye saruji kwa ile gundi nyeupe ya maji ndiko kunakozaa mbao zilizokunja kingo juu kama sahani: chini umenyweshwa, juu umekauka, na tumbo la ubao limetanuka kuliko mgongo. Mtu akiuranda ubao huo ukiwa umekunja, kiangazi utageuka na kuvimba katikati. Subiri utulie kwanza.

Ukutani pande zote acha milimita 12 hadi 15. Kwa macho ni pengo baya, lakini sketing, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, inalifunika, na ndilo lingeokoa sebule ya mama yangu. Sakafu ile tuliifungua, tukapunguza ubao mmoja wa pembeni kwa msumeno, tukairudisha. Haijainuka tena tangu hapo.

Kuhusu gharama, tusidanganyane. Mbao za zamani ni rahisi kwa ubao na ghali kwa mita ya mraba. Kwa chumba cha futi 12 kwa 12, ambacho ni mita za mraba 13 na kidogo, nilinunua mbao 60 za inchi moja kwa sita zenye urefu wa futi 10. Kwa makaratasi zilikuwa karibu mita za mraba 28. Vichwa vilivyopasuka vikatoka, ukanda mweupe ukatoka, mashimo ya kenchi yakatoka, upana ukapungua hadi sentimita 12 baada ya mashine kuchonga ulimi na mtaro wa kuunganishia ubao na ubao. Zilipona mbao 38, zisizozidi mita za mraba 14. Nusu. Ukiambiwa na mtu kwamba atapoteza asilimia 10 kama mbao mpya, hajawahi kung'oa msumari. Na misumari ing'olewe kweli kweli: pitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kila ubao, pande zote, kabla haujaenda kwa mwenye mashine. Msumari mmoja uliokatikia ndani unavunja kisu, na utakilipa wewe.

Risiti na maelezo ya jengo zilikotoka uvitunze. Mazao ya misitu yanaposafirishwa yanatakiwa kuwa na kibali, na askari wa kizuizini hawezi kujua kwa macho kama mninga wako ulikatwa juzi au ulibomolewa dukani. Uliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kupakia, si baada ya kusimamishwa.

Kumalizia, mimi napaka mafuta ya kitani mara tatu badala ya vanishi ngumu, kwa sababu sakafu inayocheza na misimu hupasua vanishi kwenye maungio, na sehemu iliyochakaa hurekebishwa kwa kitambaa bila kukwangua chumba kizima. Vitambaa hivyo visikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe usiku. Vitandaze kimoja kimoja juani au vitie kwenye ndoo ya maji.

Mbao nne za mvule zilizozidi ziko nyumbani kwangu chini ya kitanda, chumba cha pili kutoka sebuleni, zimelazwa juu ya vijiti vyake. Zimekaa humo masika mawili sasa. Siku ubao mmoja wa sebuleni ukihitaji kubadilishwa, mwenzake atatoka katika hewa ile ile.